Kipindi cha hadithi maktabani kwa watoto wa miaka 3 hadi 6: nipange vipi wiki 8?

MkutubiMgeni

Wadau, habari za kazi.

Maktaba yetu ya mkoa inaanzisha kipindi cha hadithi kila Jumamosi, saa 4:00 hadi saa 5:00 asubuhi, kwa watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza. Majaribio ni ya wiki 8. Hali ilivyo:

- watoto 25 hadi 40, miaka 3 hadi 6. Wengine wanaletwa na wazazi, wengine na kaka, dada au msaidizi wa nyumbani
- wahudumu wawili, mkutubi na kijana wa kujitolea
- chumba cha mita 6 kwa 8, mikeka 4, feni ya dari, hakuna projekta
- vitabu vya picha kama 60, theluthi mbili Kiingereza (vya msaada), nakala moja moja

Miongozo mingi ya mtandaoni inatoka kwenye maktaba za Marekani: hadithi tatu, nyimbo za vina, kukata na kubandika, basi. Ukiigeuza kwa Kiswahili haikai sawa. Naomba msaada kwa mambo matatu: saa hiyo igawanyweje, vitabu vya Kiingereza vitumikeje, na wiki 8 zibebe mada ngapi. Nawasilisha.

Bi_Vitabu

Mkuu, saa 4:00 hadi 5:00 ichukulie kuwa muda wa watu kuwa chumbani. Muda wa kusikiliza ni mfupi zaidi. Mtoto wa miaka 4 aliyekaa mkekani utampata kwa dakika 6 hadi 8 kwa hadithi moja, tena iwe inamvuta. Ukizidisha utaona vidole vinaanza kung'oa nyuzi za mkeka. Mgawanyo ninaoupendekeza:

4:00–4:10, vitabu vimetandazwa mkekani, kila anayefika anachukua na kufunua. Hizi dakika kumi ni za wachelewaji. Ukianza hadithi kuu saa 4 kamili, kila mlango unapofunguliwa vichwa thelathini vinageuka nawe unaanza upya.
4:10–4:15, mwito na wimbo ule ule kila wiki.
4:15–4:23, hadithi kuu. Ndefu itangulie, fupi ifuate. Watu wengi hufanya kinyume na kuishia kukata hadithi katikati.
4:23–4:28, kusimama: kuruka kama chura, kunyata kama paka, kujinyoosha kama twiga.
4:28–4:34, hadithi fupi, au ile ile ya kwanza kwa picha za ubaoni.
4:34–4:48, kazi ya mikono.
4:48–5:00, kuazima vitabu na kuaga.

Mada: nne tu, kila moja wiki mbili. Wiki ya kwanza unasoma hadithi kuu, wiki ya pili unaisoma tena na watoto wanaiigiza. Usiogope kwamba watachoka. Mara ya kwanza mtoto anafuata kisa, mara ya pili ndipo anaanza kushika maneno na kuyatangulia. Kwa mpango huo wiki 8 zinahitaji hadithi kuu 4 na fupi 4, na hizo unaweza kuziandaa vizuri. Hadithi 24 tofauti huwezi.

Kuchagua kitabu cha kusomea kundi: kisimamishe mezani, rudi nyuma hatua nne ndefu, yaani kama mita 3. Kama hutambui mhusika ni nani na anafanya nini, hicho ni cha kuazima, waachie wakasome nyumbani wakiwa mapajani. Usishangae ukibaki na vitabu 15 kati ya 60.

Kukaa: msomaji akae kwenye kigoda au stuli ya sentimita 30 hadi 40, mgongo uelekee ukuta usio na dirisha. Dirisha likiwa nyuma yako, watoto wanaona kivuli cha kichwa na kitabu cheusi. Wapange nusu duara, safu tatu, ya mbele ianzie mita 1 kutoka miguuni pako. Walezi wakae mkekani nyuma ya watoto wao. Ukiwapa viti ukutani, kitaanzishwa kikao kingine huko.

Kitabu kishikwe kwa mkono mmoja, chini katikati, usawa wa bega, kikiwa kimeshawaelekea watoto kabla hujafungua mdomo. Usikizungushe mfululizo kama feni. Kisimamishe kushoto, hesabu hadi tatu kimoyomoyo, katikati hesabu, kulia hesabu. Ukurasa ufunuliwe kwa kona ya juu, la sivyo mkono wako unaziba picha.

Sasa maswali. Kuna mtindo wa usomaji wa kuulizana ambao Whitehurst na wenzake waliuchapisha Marekani mwaka 1988: muulize mtoto, pokea jibu, lipanue, mrudishie alirudie. Ni mzuri, lakini kumbuka waliupima kwa mzazi na mtoto wake wakiwa nyumbani. Kwa watoto 30 chukua vipande: maswali matatu kwa kitabu kizima, hayazidi hapo, yaandike kwenye karatasi na namba ya ukurasa. Baada ya kuuliza subiri sekunde tano. Mtoto akijibu "kuku amekimbia", wewe unasema "Ee, kuku amekimbilia jikoni. Tuseme wote." "Tumeelewana?" na "Sawa sawa?" achana nayo kabisa. Utajibiwa "Ndiyooo!" na chumba kizima, pamoja na yule aliyekuwa akichungulia nje.

Na tafadhali, usimalizie kila hadithi kwa "inatufundisha nini?" Mtoto wa miaka minne atakwambia tusiibe hata kama hadithi ilihusu mvua.

FundiSilabi

Bi_Vitabu kamaliza upande wa kupanga, mimi naingia kwenye lugha, maana hapo ndipo miongozo ya nje inapowapoteza watu.

Nyimbo za vina. Kwa Kiingereza mtoto anafunzwa kusikia kwamba maneno mawili yanafanana mwishoni kwa sababu maneno yao huishia kwa sauti za kila aina. Kiswahili karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo "kuku", "bubu" na "kaburu" yanaoana bila jasho na mchezo haumfundishi mtoto kitu kikubwa. Kilicho wazi kwetu ni silabi. Dakika tano za mwito na wimbo zitumieni kupiga makofi kwa silabi za majina ya wahusika: ki-bo-ko tatu, si-mba mbili, ki-nyo-nga tatu. Anza na majina ya watoto wenyewe.

Jambo la kuandaa kabla ni maneno yenye M na N mwanzoni, maana watu wazima huyapiga makofi vibaya wakawachanganya watoto:

- M mbele ya konsonanti nyingi inasimama peke yake: m-tu, m-ka-te, m-to-to.
- Mbele ya B au V mara nyingi inaungana: mbu-zi, mvu-a, e-mbe.
- Lakini neno likibaki na silabi moja tu baada ya M au N, inajitenga: m-bwa, m-bu, n-ge, n-chi. Sikiliza mkazo. Kwenye "mbwa" mkazo uko kwenye M, na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo M ni silabi.
- M ya ngeli ya watu au miti nayo hujitenga hata mbele ya B na V: m-ba-ya, m-bu-yu, m-vu-la-na.

Kwa hiyo mbwa na mbuzi wote ni makofi mawili, lakini wanakatika sehemu tofauti. Kwa wiki mbili za mwanzo epuka kabisa maneno ya aina hii, tumia konsonanti moja na irabu: ku-ku, pa-ka, ba-ta, ta-u-si.

Vitabu vya Kiingereza: kosa kubwa ni kutafsiri papo hapo huku unasoma. Kwanza, maneno yanabadilika kila unapokisoma, kwa hiyo kiitikio hakiwezi kushikwa na mtoto. Pili, unajikuta unasimulia "alienda na aliona na alichukua", wakati hadithi ya Kiswahili inatembea kwa -ka-: alikwenda sokoni, akaona kikapu, akakichukua. Tatu, ngeli zinateleza: "mbuzi ile", "kiboko kikubwa kinakula". Mnyama ni kiumbe, kwa hiyo kiboko mkubwa anakula. Mtoto wa miaka minne anajifunza ngeli kwa masikio, si mahali pa kukosea.

Fanya hivi. Tafsiri ukiwa umekaa, siku tatu kabla. Andika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi vyenye gundi ya kubandua, bandika chini ya kila ukurasa. Usitafsiri kila neno. Soma kwa sauti ukitazama saa, na ukurasa mmoja umalizike ndani ya sekunde 15 hadi 20. Kuhesabu maneno kunadanganya kwa Kiswahili, "nitakununulia" ni neno moja lenye silabi saba. Kisa kikitegemea theluji au mashine ya kukatia nyasi, kiache kabatini. Ukitumia dakika mbili kueleza theluji, hadithi imeshakufa.

Mkikosa vya Kiswahili, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili za kupakua na kuchapa, zenye ngazi za usomaji. Nyingi zina leseni huria inayoruhusu kuchapa na hata kurekebisha mkitaja mwandishi na mchoraji. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye kila kitabu kwanza. Tafsiri zake si sawa zote, kwa hiyo pitisha jicho kwenye ngeli kabla ya kuchapa.

MkutubiMgeni

Asanteni sana. Nimeanza kuandika azimio la kazi la mada nne. Swali la nyongeza: nakala ni moja moja na nyingi ni ndogo. Nitengeneze kitabu kikubwa cha manila, au ubao wa kubandika picha? Bajeti ni ya kuungaunga.

MkonoWaManila

Anza na ubao, kitabu kikubwa baadaye. Ubao mmoja unatumika kwa hadithi zote nane.

Ubao: kadibodi nene au plaiwudi ya sentimita 60 kwa 90, ivishwe kipande cha blanketi la zamani lenye manyoya, rangi moja iliyopoa. Livute, ligeuze nyuma sentimita 5 kila upande, ligongwe kwa stepla au lishonwe. Picha zichorwe kwenye manila, urefu wa sentimita 15 hadi 20, zipakwe rangi, zikatwe. Nyuma bandika msasa, uso wenye mchanga ukitazama nje: vipande viwili vya upana wa sentimita 2, kimoja juu kimoja chini. Kimoja katikati hakitoshi, picha inazunguka kichwa chini miguu juu na hapo umewapoteza kwa kicheko.

Sababu za picha kudondoka, kwa mpangilio wa kawaida: ubao umesimamishwa wima (ulaze nyuma kidogo kama mtu aliyeegemea kiti), manila nzito kuliko msasa wake, feni. Feni ya dari izimwe kwa dakika zile sita au ubao uwekwe pembeni, usikae chini yake.

Picha zipangwe kifudifudi kwenye trei kwa mfuatano wa hadithi, namba nyuma. Zisikae mapajani, zitaanguka ukiinuka. Na zisizidi 7.

Gundi ya kubandikia kazi za watoto, msinunue. Nusu kikombe cha unga wa ngano, koroga na nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Mimina vikombe 2 vya maji yanayochemka huku unakoroga, rudisha jikoni moto mdogo dakika 2 au 3 hadi iwe nzito na ya kung'aa. Ukimwaga maji ya moto moja kwa moja kwenye unga mkavu unapata madonge na hayaondoki. Ikiwa nyepesi kama uji wa kunywa, karatasi zinajikunja zikikauka. Ipikwe Ijumaa jioni. Kwenye joto la pwani inachacha ndani ya siku mbili. Wagawie kwenye vifuniko vya chupa, kifuniko kimoja kwa watoto wawili, wapake kwa kidole. Kwa kidole kimoja tu, lisemwe hilo mapema.

Krayoni: boksi la rangi 12 kwa watoto 4, zikae katikati kwenye bakuli. Mikasi ni kwa wa miaka 5 na 6, yenye ncha butu. Wadogo wachane kwa mikono. Kuchana karatasi vipande vya kubandika ndani ya umbo kunawafaa vidole kuliko kupaka rangi fotokopi.

Chekechea_Pwani

Niko Mombasa, salamu zenu. Nyongeza mbili kutoka upande huu.

Kwanza, mwito. Wengi wanafungua kwa "Hadithi hadithi!" watoto wajibu "Hadithi njoo!" Ni sawa. Ila msiiache "Paukwa!" "Pakawa!" ife. Kwa watoto wadogo ina faida ya kiufundi: silabi tatu kwa tatu, zinajibiwa kwa pumzi moja, na unaweza kuirusha katikati ya hadithi minong'ono ikianza, bila kukemea mtu. Chagueni moja na muibakishe wiki zote 8. Mkibadilisha kila wiki, itapoteza kazi yake ya kengele.

Pili, jiandaeni na shule. Kipindi kikijulikana, walimu wa awali (huku kwetu PP1 na PP2) wataomba kuleta darasa zima, watoto 60 kwa mpigo. Msikubali kuwasomea 60 pamoja. Safu ya nyuma haioni kitu na ndiyo inayoanza fujo. Wagawanyeni makundi mawili ya 30: moja linasikiliza hadithi dakika 20, lingine liko rafuni likionyeshwa jinsi ya kushika kitabu, kufunua na kukirudisha mahali pake, kisha wabadilishane. Waambieni walimu watoto wapite msalani kabla ya kuingia. Mmoja akiomba ruhusa, kumi wanamfuata.

Kazi ya mikono ya dakika 14 naona ni ndefu kwa watoto 40 na wahudumu wawili. Kunawa mikono peke yake kunakula dakika sita.

Bi_Vitabu

Chekechea_Pwani, hapo umenipata. Wakifika 40, kazi ya mikono ifanyike wiki ya pili ya kila mada tu, na wiki ya kwanza dakika hizo ziwe za kuchora kwa krayoni. Na badala ya bomba, beseni mbili na taulo za kitambaa mlangoni.

MkutubiMgeni, nakuwekea andalio la mada ya kwanza uone linavyoonekana kwenye karatasi. Mada: Kuku na yai. Hadithi ni ya kutunga, haihitaji ruhusa ya mtu.

*Zana:* picha 7 za ubaoni (kuku, kapu, sufuria, stuli, ndoo, nyasi, yai), yai moja halisi lililochemshwa, krayoni, karatasi nusu A4 kila mtoto.

*Mwito:* Paukwa, pakawa. Kisha kutuliza mikono: "Mkono juu, mkono chini, kidole mdomoni, masikio kazini." Mara mbili, ya pili kwa kunong'ona. Ukisubiri kimya kamili kabla ya kuanza utasubiri hadi adhuhuri. Anza kwa sauti ndogo, watakufuata.

*Kitendawili:* "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Pokea majibu matatu au manne, yote uyashukuru, halafu toa yai mfukoni. Lipitishe kwa watoto walioko safu ya mbele tu. Likizunguka chumba kizima hadithi itangoja dakika tano.

*Silabi:* ku-ku, ka-pu, ya-i. "Yai" ni makofi mawili, A na I ni silabi mbili.

*Hadithi:* Kuku anataka kutaga. Anaingia kwenye kapu, vitunguu vinamchoma macho. Anaruka kwenye sufuria, ina moto. Anapanda stuli, inayumba. Anaingia kwenye ndoo, imelowa. Kila mahali anasema: "Hapa hapanifai, ngoja nitafute kwingine!" Mwisho anafika kwenye nyasi nyuma ya nyumba, anatulia, anataga. Kiitikio ukiseme wewe mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu nyamaza baada ya "Hapa..." uwaachie.

*Maswali matatu:* kwenye sufuria, "Kwa nini ameruka?" Kwenye ndoo, "Sasa aende wapi?" Kwenye nyasi, "Hapa pana nini ambacho kule hakikuwepo?"

*Kusimama:* wote ni kuku: kuparua, kupiga mbawa, kutaga kwa kuchuchumaa.

*Wiki ya pili:* mtoto mmoja ni kuku, wanne wameshika kapu, sufuria baridi, stuli na ndoo halisi, waliobaki ndio kiitikio. Badilisha kuku kila raundi, raundi nne zinatosha. Kazi ya mikono: kubandika nyasi kavu kuzunguka yai walilochora.

Baada ya kipindi andika mistari mitatu kwenye daftari: idadi na umri, ukurasa au picha ambapo usikivu ulikatika, neno ambalo watoto hawakulijua. Baada ya wiki nne daftari hilo ndilo litakwambia kama uhamishe wimbo au ufupishe hadithi.

MkutubiMgeni

Hili nimelichapa tayari. La mwisho: wa miaka 3 wanaochoka mapema wakati wa miaka 6 bado wanataka, niwatenge?

FundiSilabi

Kwa wahudumu wawili usitenge tangu mwanzo. Hadithi kuu wasikilize wote. Kwenye hadithi fupi ya 4:28 kijana wa kujitolea awachukue wadogo kwenye mkeka wa pembeni na vitabu vya kurasa ngumu, wewe ubaki na wakubwa na vitendawili viwili vitatu vya ziada. Mkeka huo uwe upande wa mbali na mlango. Wakiwekwa karibu nao, mmoja atatoka bila kuonekana.